ACL ikikatika: kano ipi ipandikizwe kwenye goti la mwanamke wa kikapu cha kulipwa

Juni 18, 2024, katika robo ya kwanza ya mechi dhidi ya Connecticut Sun, Cameron Brink wa Los Angeles Sparks aliumia goti la kushoto. Vipimo vikaonyesha ACL, ligamenti ya katikati ya goti inayounga mfupa na mfupa, imekatika. Nafasi yake katika timu ya Marekani ya watatu kwa watatu kwenye Olimpiki ya Paris ikaenda kwa Dearica Hamby, na Brink hakuonekana tena uwanjani hadi Julai 29, 2025, zaidi ya miezi 13 baadaye. Paige Bueckers aliumia Agosti 2022 akiwa bado chuo, akakosa msimu mzima, akarudi Novemba 2023, na mwaka 2025 akawa chaguo la kwanza la drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya) na mchezaji bora chipukizi wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani. Tamika Catchings aliumia Januari 2001. Indiana Fever walimchagua hivyo hivyo na goti lake bovu, wakamsubiri msimu mzima, na mwaka 2002 akatwaa tuzo hiyo hiyo ya chipukizi. Sheryl Swoopes alikosa msimu wa 2001 kwa sababu ya goti, kisha 2002 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Kurudi kunawezekana, basi. Lakini kati ya siku ya kipimo cha MRI na siku ya upasuaji kuna uamuzi ambao wachezaji wengi humwachia daktari bila kuuliza neno: goti litajengwa upya kwa kano gani, na itachukuliwa wapi mwilini. Hapa tunazilinganisha kano hizo kwa jicho la kikapu na kwa mahitaji ya mwanamke ambaye goti ndilo linalomlipia kodi ya nyumba. Msimamo wetu tunautoa mapema. Kwa mchezaji wa kulipwa aliye chini ya miaka 25, kano ya pia ya goti, ule mfupa wa mviringo ulio mbele ya goti, ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Ya mbele ya paja inaifuata kwa karibu. Ya nyuma ya paja ikubaliwe kwa masharti. Ya marehemu, yaani iliyotolewa kwa mtu aliyefariki, iachwe.

Kinachochaguliwa hasa

ACL ni ligamenti iliyo katikati ya goti. Inauzuia mfupa wa muundi usitelezee mbele, na inalidhibiti goti lisizunguke kupita kiasi. Wachezaji wengi wa kikapu huikata bila hata kuguswa: mtu amefunga breki ghafla, ametua kwa mguu mmoja baada ya ribaundi, au amebadili upande kumkwepa beki. Wayo umeganda sakafuni, goti linaingia ndani, na yote yamekwisha kabla misuli haijajibu. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, wanawake huumia hivi takribani mara tatu ya wanaume.

Kwa kawaida ligamenti iliyokatika haishonwi. Daktari husafisha mabaki, hutoboa tundu moja kwenye muundi na jingine kwenye mfupa wa paja, hupitisha kano mpya, kisha huibana kwa skrubu au kwa kifungo kidogo cha chuma. Kano hiyo tutaiita kipandikizi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kati ya wiki ya 6 na ya 12 kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa, kwa sababu mwili unakivunja na kukijenga upya, na kazi hiyo huendelea mwaka mmoja hadi miwili. Wakati huo goti halina maumivu makubwa, uvimbe umepungua, na mchezaji anaanza kujisahau.

Ipo pia njia ya kutopasuliwa kabisa, yaani mazoezi ya nguvu na mizani kwa miezi kadhaa. Kwa mtu wa shughuli za kawaida, hata anayekimbia njia iliyonyooka, inafaa kujaribiwa kwanza. Kwa anayelipwa kuruka na kukata kona haifai: kila goti linapoteguka tena, meniski, yaani gegedu mbili zinazopunguza mishtuko ndani ya goti, ndizo zinazoliwa, na meniski zikishaisha hakuna daktari anayezirudisha kama zilivyokuwa.

Kwa mwenye haraka, hali iko hivi:

| | Pia ya goti | Nyuma ya paja | Mbele ya paja | Ya marehemu |
|---|---|---|---|---|
| Kushikana na mfupa | wiki 6–8 | wiki 8–12 au zaidi | wiki 8–12 au zaidi, ikichukuliwa bila mfupa | polepole zaidi |
| Unene | wa uhakika | hubadilika, huenda ukawa mdogo | wa uhakika | daktari anachagua |
| Maumivu ya kupiga magoti | mengi | machache | kiasi | machache |
| Msuli unaodhoofika | mbele ya paja | nyuma ya paja | mbele ya paja, zaidi | hakuna |
| Hatari ya kukatika tena kwa kijana | ndogo | kubwa zaidi | inakaribia ya pia | kubwa kuliko zote |

Kano ya pia ya goti

Ni ile kano nene iliyo chini ya pia, ambayo daktari huigonga kwa kinyundo mguu ukaruka wenyewe. Huchukuliwa theluthi yake ya kati, upana wa milimita 10 hivi, pamoja na kipande cha mfupa kila mwisho: kimoja kutoka kwenye pia, kingine kutoka kwenye muundi, kila kimoja na urefu wa milimita 20 hadi 25. Ubora wake wote uko kwenye vipande hivyo. Mfupa uliobanwa ndani ya tundu la mfupa hushikana kama mvunjiko unavyounga. Kano tupu ndani ya mfupa hujishikiza kwa nyuzi ndogo ndogo, na hilo huchukua muda.

Ikishashika, hailegei kirahisi. Utafiti wa MOON wa Marekani uliwafuatilia wanamichezo wa miaka 14 hadi 22 kwa miaka 6, ukakuta kwamba waliowekewa kano za nyuma ya paja walikuwa na uwezekano wa takribani mara mbili wa kupasuliwa tena. Huo ndio umri wa mchezaji wa chuo anayeingia WNBA, kwa hiyo si tofauti ya kupuuza.

Gharama yake iko mbele ya goti. Wengi huhisi maumivu wakishuka ngazi au wakichuchumaa, na kupiga magoti huweza kuwasumbua hata baada ya mwaka. Mchezaji Mwislamu anayesali sala tano aliseme hilo kwa daktari kabla, si baada. Hali kadhalika yule anayepiga magoti kanisani, au mchezaji ambaye kazi yake ni kujirusha chini kugombea mipira isiyo na mwenyewe. Pembeni ya kovu hubaki ganzi, kwa kuwa mshipa mdogo wa fahamu hupita pale pale kisu kinapopita. Eneo la ganzi hupungua, lakini kwa wengine haliishi kabisa.

Kwenye kikapu kuna jambo la ziada: goti la mrukaji, yaani kano ya pia iliyochoka kwa miaka ya kuruka. Bonyeza kwa kidole gumba ncha ya chini ya pia, mguu ukiwa umenyooka na umelegea. Kama panauma, na panauma zaidi asubuhi baada ya mechi, omba kano ipimwe kwa ultrasaundi kabla ya kuamua. Kukata theluthi ya katikati ya kano iliyokwisha kuchakaa ni kununua maumivu ya msimu mzima. WNBA ilicheza mechi 44 kwa kila timu mwaka 2025, kuanzia katikati ya Mei hadi Septemba, nyingine siku mbili mfululizo. Kano hiyo haipati pumziko. Anayefanyia mazoezi kwenye saruji, kama viwanja vingi vya mitaani Mombasa au Dar es Salaam, alitilie hili uzito mara mbili.

Kinachoharibika mara chache, lakini kikiharibika ni balaa, ni pia yenyewe kuvunjika. Hutokea zaidi katika miezi ya mwanzo, mchezaji anapoteleza bafuni au kujikaza ghafla asianguke. Sababu kubwa ni kipande cha mfupa kilichokatwa kirefu au kwa kina kupita kiasi. Daktari makini hukata kwa kina kidogo, kisha hujaza pengo kwa unga wa mfupa uliotoka wakati wa kutoboa matundu. Ni swali halali kabisa la kumuuliza: "Pengo la pia utalijaza?"

Katika mazoezi, lengo la wiki mbili za kwanza ni moja: goti linyooke kabisa, sawa na la pili. Ukilichelewesha, kovu hujikusanya mbele ya kipandikizi na kulizuia, na huenda ikabidi kurudi chumba cha upasuaji kulitoa. Kano ikianza kuuma baadaye, fizio (wataalamu wa mazoezi ya tiba) wengi hutumia mkazo usio na mwendo: kaa kwenye mashine ya kunyoosha goti, goti likiwa kwenye nyuzi 60 hivi, sukuma bila mguu kusogea kwa sekunde 45, pumzika dakika 2, rudia mara 5. Maumivu hupungua kwa muda wa kutosha kufanya mazoezi ya siku hiyo. Na miruko ihesabiwe kama mrusha mkuki anavyohesabiwa mitupo. Hapa kadirio la macho halitoshi.

Kano za nyuma ya paja

Hapa huchukuliwa kano mbili nyembamba za upande wa ndani wa goti, semitendinosi na grasili, kisha kila moja hukunjwa mara mbili zikawa nyuzi nne. Kovu ni la sentimita 3 hivi, maumivu ya wiki za mwanzo ni madogo, na kupiga magoti hakusumbui sana. Kwa sababu hizo njia hii imependwa sana duniani, na kwa mtu asiyeishi kwa kuruka ni nzuri tu.

Tatizo la kwanza ni unene. Kipandikizi kikiwa chini ya milimita 8, hatari ya kukatika hupanda, na wanawake, hata warefu, mara nyingi hutoa kano nyembamba. Urefu wa mchezaji usikudanganye: msichana wa futi 6 mwenye mapaja membamba anaweza kutoa milimita 7. Daktari hugundua hayo akiwa ameshakata. Wapo wanaokunja mara tano au sita ili kuongeza unene. Wapo wanaochanganya na kano ya marehemu, jambo ambalo kwa kijana hatulishauri. Bora swali liulizwe mapema: "Ikitoka chini ya 8, mpango ni upi?" MRI ile ile iliyoonyesha ACL imekatika inaweza kutumika kukadiria unene wa kano hizi, mtu akiomba zipimwe.

Pia kano inaweza kukatika fupi wakati wa kuichomoa. Semitendinosi ina matawi yanayoshika msuli wa ndama. Tawi lisipokatwa kwanza, kifaa cha kuchomolea hupotea njia na kuikata katikati.

Tatizo la pili ni la kikapu na la wanawake kwa pamoja. Nyama za nyuma ya paja ndizo msaidizi wa ACL, kwa maana zinauvuta muundi nyuma. Wachezaji wengi wa kike wakitua hutegemea zaidi misuli ya mbele ya paja, inayouvuta muundi kwenda mbele. Ukichukua kano nyuma ya paja, unampunguza nguvu askari ambaye tayari alikuwa hafanyi kazi ya kutosha. Udhaifu huo hujificha. Nguvu ikipimwa mchezaji akiwa amekaa, matokeo huwa mazuri. Mlaze kifudifudi, mkunje goti kupita nyuzi 90, na hapo tofauti ya mguu na mguu inajitokeza.

La tatu ni viungo legevu. Jipime: je, kidole gumba kinagusa mkono wa ndani? Viganja vyote vinagusa sakafu magoti yakiwa yamenyooka? Kiwiko au goti linajipinda kinyume zaidi ya nyuzi 10? Kidole kidogo kinarudi nyuma kupita nyuzi 90? Kila kiungo ni alama moja kwa kila upande, viganja sakafuni ni alama moja, jumla ni 9. Mwenye alama 5 na kuendelea, hasa ambaye goti lake hujipinda kinyume, kipandikizi cha nyuma ya paja kina tabia ya kumlegea polepole bila kukatika, naye analalamika kwamba goti "halimwamini" ilhali MRI inaonyesha kipandikizi kizima.

Katika mazoezi, usikubali mashine ya kukunja goti kwa uzito kabla ya wiki ya 8 hivi. Kinachotokea mara kwa mara ni hiki: wiki ya 4 au ya 5, mchezaji anainama kufunga kamba za viatu, anasikia "pwa!" nyuma ya paja, na anadhani ACL imekatika tena. Mara nyingi ni makovu ya pale kano ilipotolewa yaliyochanika. Goti likibaki bila uvimbe na daktari akilikuta imara, ni siku kadhaa za barafu na subira. Zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole, fizio akikushika vifundo, lisubiri mwezi wa 4 au wa 5.

Mshipi wa pembeni: sharti la kukubali kano za nyuma

Mjadala wa nyuma ya paja ulibadilika mwaka 2020, ulipochapishwa utafiti wa STABILITY wa Kanada na Ulaya. Vijana 618 wa miaka 25 na chini, wote wakiwekewa kano za nyuma ya paja, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likaongezewa mshipi wa pembeni ya goti. Baada ya miaka 2, vipandikizi vilikuwa vimekatika kwa asilimia 11 ya wasio na mshipi, na asilimia 4 ya wenye mshipi.

Mshipi huo hukatwa kutoka kwenye utepe mpana unaoshuka pembeni mwa paja: upana sentimita 1, urefu sentimita 8 hivi. Mwisho wa chini huachwa umeshikamana na muundi, mwisho wa juu hupitishwa chini ya ligamenti ya nje ya goti, kisha hufungwa kwenye mfupa wa paja kwa kibanio cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mzunguko. Hatari iko kwenye kukaza: goti likifungwa huku mguu umezungushiwa nje, upande wa nje wa goti hubanwa moja kwa moja. Mguu uwe umeelekea mbele wakati wa kufunga, na mvuto uwe mdogo.

Si bure. Kuna kovu la pili, maumivu ya pembeni miezi ya mwanzo, misuli ya mbele ya paja huchelewa kuamka, na mara nyingine kibanio husumbua hadi kitolewe. Hata hivyo, kwa mchezaji wa kulipwa kijana anayechagua nyuma ya paja, sisi hatuoni sababu nzuri ya kuuacha. Kwa mwenye viungo legevu, tungeuongeza hata kwenye kano ya pia.

Kano ya mbele ya paja

Hii iko juu ya pia. Hukatwa ukanda wa upana wa milimita 10 hivi, unene wa milimita 6 au 7, urefu wa sentimita 6 au 7, wenye kipande cha mfupa au usio nacho. Sifa yake kubwa kwa wanawake ni unene: hata mchezaji mwembamba hutoa kipandikizi cha kutosha. Kupiga magoti kunauma kidogo kuliko kwa kano ya pia, na ganzi ni kidogo. Kwa mwenye goti la mrukaji hili ndilo chaguo letu, mradi juu ya pia napo pasiwe pameanza kuuma.

Udhaifu wake ni kwamba misuli ya mbele ya paja hulala usingizi mzito. Katika kikapu misuli hiyo ndiyo inayofunga breki na kurusha mwili juu, na miezi 5 au 6 baada ya upasuaji bado unaweza kuona paja moja jembamba kuliko jingine. Fizio asiyeanza mapema kuikaza, hata kwa mashine ya umeme ya kuamsha misuli kuanzia wiki ya kwanza, atalipa mwezi wa 7. Daktari asiyeizoea naye ana makosa yake: akikata kwa kina sana hufungua mfuko wa goti, maji ya upasuaji yakavujia pajani, akikata ndefu sana, msuli wa juu hujivuta na kuacha bonde linaloonekana kwa macho. Uliza amefanya ngapi za aina hii mwaka uliopita. Daktari aliyezoea kano ya pia, akifanya ya pia, ni bora kuliko daktari huyo huyo akijaribia ya mbele ya paja kwenye goti lako.

Kano ya marehemu haihitaji maelezo marefu. Haitoi maumivu ya kukatwa pengine, na upasuaji ni mfupi. Lakini utafiti wa MOON ulikuta uwezekano wa kukatika ni takribani mara nne ya kano ya mwenyewe, na walioathirika zaidi ni vijana. Iliyopigwa mionzi mikali ili kuua vijidudu ni dhaifu zaidi. Ibaki kwa magoti yenye ligamenti kadhaa zilizokatika kwa mpigo, au kwa mtu wa miaka 40 anayecheza Jumamosi.

Ukiupima kwa mwili na nafasi uwanjani

Mchezeshaji wa miaka 22, mwepesi, anayeishi kwa kubadili mwelekeo, asiye na maumivu ya kano: pia ya goti, na mshipi kama viungo ni legevu. Senta wa miaka 27 mwenye goti la mrukaji la miaka mingi: mbele ya paja. Mchezaji wa miaka 33 aliyebakiza mkataba mmoja au miwili, ambaye goti limeshaanza kusagika mbele: nyuma ya paja pamoja na mshipi si kosa, kwa sababu maumivu ya mbele ya goti yanaweza kummaliza kabla ACL haijamsumbua tena. Binti wa miaka 13 ambaye mifupa bado inakua yumo katika hesabu nyingine kabisa. Vipande vya mfupa havipaswi kupita kwenye sehemu inayokua, na huyo apelekwe kwa daktari wa mifupa wa watoto.

Meniski zinaweza kugeuza ratiba kuliko kano yenyewe. Ikishonwa, mchezaji hutembelea magongo wiki 4 hadi 6 na goti haliruhusiwi kupita nyuzi 90. Kocha anayelinganisha wachezaji wawili, "mbona yule alikuwa anatembea wiki ya pili", kwa kawaida analinganisha goti lililoshonwa meniski na lisiloshonwa.

Na upasuaji usiharakishwe. Goti lililovimba na lisilonyooka likipasuliwa hukakamaa. Subiri uvimbe ushuke, goti linyooke, na mchezaji aweze kuinua mguu ulionyooka bila kuyumba. Kwa wengi ni wiki 3 hadi 6. Isipokuwa meniski imejikunja na kulifunga goti lisinyooke: hiyo haisubiri.

Tarehe ya kurudi

Hapa ndipo kano nzuri huharibiwa. Utafiti mmoja wa Delaware na Oslo ulikuta kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Waliofaulu vipimo vyote kabla ya kurudi waliumia tena kwa asilimia 5.6, waliorudi bila kufaulu, asilimia 38.2. Watu wenyewe walikuwa 106 tu, lakini pengo la namna hiyo haliachi nafasi kubwa ya ubishi.

Kalenda ya wanawake ina mtego wake. Aliyeumia Juni, kama Brink, msimu umekwisha kwa vyovyote na hana sababu ya kukimbia. Aliyeumia Agosti na kupasuliwa Septemba anatimiza miezi 9 mwezi Juni, ilhali WNBA inaanza Mei. Hizo wiki chache ndizo zinazouzwa kwa bei mbaya: timu inamtaka mechi ya ufunguzi, mkataba unaisha mwaka huo, na yeye mwenyewe anajisikia mzima. Kwa anayeumia Januari au Februari akicheza Uturuki, au kwenye ligi ya Unrivaled iliyoanzishwa Miami mwaka 2025, hesabu ni fupi: msimu wa kiangazi umekwenda.

Ratiba inayokubalika huwa hivi. Kukimbia taratibu mwezi wa 3 au wa 4, misuli ya mbele ya paja ikifikia walau asilimia 70 ya mguu usioumia. Kuruka kwa miguu miwili mwezi wa 4, mguu mmoja mwezi wa 5 au wa 6. Mazoezi na timu bila kugusana mwezi wa 7, ya kugusana mwezi wa 8. Mechi kuanzia mwezi wa 9, dakika 10 hadi 15 kwanza, na goti likivimba asubuhi yake, dakika hazipandi.

Kipimo kikuu ni nguvu ya paja la mbele kufikia asilimia 90 ya mguu wa pili, pamoja na miruko minne ya mguu mmoja: mmoja, mitatu mfululizo, ya kuvuka mstari, na ya umbali wa mita 6 inayopimwa muda. Lakini mguu wa pili nao umekaa miezi 9 bila kikapu, umedhoofika. Asilimia 90 ya mguu dhaifu ni udanganyifu. Dawa yake ni rahisi na karibu hakuna timu za kwetu zinazoifanya: pima miguu yote miwili ya kila mchezaji kabla ya msimu na uhifadhi namba. Kama hazipo, tumia uzito wa mwili: nguvu ya kunyoosha goti ifikie nyutoni-mita 3 kwa kila kilo moja. Mchezaji wa kilo 80 atafute 240.

Kabla hujaondoka hospitali

Azzi Fudd alikata ACL ya goti la kulia Aprili 2019, akiwa na miaka 16. Novemba 2023 goti hilo hilo likakatika tena, safari hii na meniski. Alirudi Novemba 2024, na Aprili 2025 akachukua ubingwa wa vyuo akiwa na UConn, timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya nne bora. Upasuaji wa pili huwa na swali la ziada: kano ipi imebaki? Aliyetumia nyuma ya paja mara ya kwanza bado ana pia na mbele ya paja upande ule ule. Aliyetumia pia anabaki na mbele ya paja, au anahamia mguu wa pili. Na matundu ya zamani kwenye mfupa yakishapanuka kupita milimita 14 hivi, daktari huyajaza mfupa kwanza, kisha mchezaji husubiri miezi kadhaa kabla ya kupandikizwa kano nyingine. Yaani karibu misimu miwili.

Kwa hiyo omba nakala ya ripoti ya upasuaji, si muhtasari wa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Iwe na aina ya kano, unene wake kwa milimita, skrubu ni ya chuma au ya kuyeyuka na ni ya ukubwa gani, matundu yalitobolewa wapi, na meniski ilishonwa au ilikatwa. Mchezaji wa KPA ya Mombasa au REG ya Kigali anayesajiliwa nje aende nayo pamoja na CD ya MRI. Daktari wa timu mpya ataiomba siku ya vipimo, na hospitali nyingi haziweki picha hizo milele.